Panya Aliyekufa kwa Njaa Mbele ya Chakula

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, mwanabiokemia Douglas Coleman alifanya upasuaji ambao hata kuusoma tu kunatia kichefuchefu. Alichukua panya wawili, akawachana ngozi ya ubavuni, kisha akawashona pamoja ili damu ya mmoja ipenye polepole hadi kwa mwenzake. Mmoja alikuwa panya wa kawaida. Mwingine alikuwa mnene kupita kiasi, mgonjwa wa kisukari, wa ukoo uliopewa herufi db. Chakula kilikuwa tele kizimbani. Baada ya wiki chache panya wa kawaida alikufa. Alipopasuliwa, tumbo lake lilikutwa tupu na utumbo mtupu. Mwenzake, aliyeshonwa naye ubavu kwa ubavu, alikuwa amevimbiwa.

Panya mzima wa afya alikuwa amekufa kwa njaa bila mtu yeyote kumzuia kula. Kitu fulani kilichosafiri katika damu ya yule mnene kilimwambia kwamba ameshiba, naye akakiamini hadi kufa.

Maabara ya Jackson, alikofanyia kazi Coleman, tayari ilikuwa mashuhuri kwa panya wake. Mwaka 1947 moto wa msitu uliteketeza sehemu kubwa ya majengo yake pamoja na panya walio wengi, na wanasayansi wa mataifa mbalimbali waliowahi kupata panya kutoka hapo wakairudishia mbegu ili koo zisipotee. Miaka miwili baadaye, katika vizimba vya baada ya moto, alionekana panya aliyekula bila kukoma na kunenepa hadi kufikia mara tatu ya uzito wa wenzake. Ukoo wake ukaitwa ob. Ukoo wa db uligunduliwa katikati ya miaka ya 1960. Wakizalishwa katika mbari moja, ob na db hawatofautiki kwa macho: wote ni mipira ya manyoya isiyobanduka kwenye chakula.

Ila kwa sindano na uzi walitofautika kabisa. Coleman alipomshona ob na panya wa kawaida, ob alipunguza kula, na yule wa kawaida hakudhurika. Alipomshona ob na db, ob ndiye aliyeacha kula, akakonda, akafa. Db akaendelea kunenepa kana kwamba hakuna lililotokea. Coleman alipiga hesabu, na mwaka 1973 akachapisha jibu. Ob, alisema, hana uwezo wa kutengeneza ishara ya shibe, lakini akiletewa anaisikia. Db anatengeneza ishara hiyo kwa wingi hadi inamuua jirani, lakini yeye mwenyewe haisikii. Mmoja amekosa mjumbe, mwingine amekosa sikio.

Inafaa kusimama hapo kidogo, kwa sababu Coleman alisema hayo bila kuwa ameona mjumbe wala sikio. Hakuwa na jina la molekuli hata moja. Wenzake wengi walikuwa wakishikilia kwamba unene ni ulafi na kwamba ulafi ni tabia, na tabia haitafutwi kwenye damu. Uthibitisho ulisubiriwa miaka ishirini na mmoja.

Mjumbe alipatikana kwanza. Jeffrey Friedman na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walikuwa wakiisaka jeni ya ob tangu mwaka 1986, na Desemba 1994 wakatangaza kwamba wameipata. Jeni hiyo inatoa protini yenye asidi amino 167, waliyoipa jina leptini. Inatengenezwa na seli za mafuta. Hilo peke yake lilitosha kuwashangaza madaktari, maana mafuta ya mwilini yalikuwa yakihesabiwa kuwa ghala tu. Sasa ilionekana ghala hilo lina msemaji wake, anayepeleka taarifa ubongoni usiku na mchana kuhusu akiba iliyobaki. Mwaka 1995 kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 kwa haki ya kuitumia jeni hiyo. Hesabu ya wafanyabiashara ilikuwa nyepesi: watu wanene wapewe leptini, njaa iishe.

Sikio lilipatikana mwishoni mwa mwaka huohuo, na ndilo lenye habari nzito zaidi.

Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli, upande mmoja ukiwa nje na mwingine ndani. Leptini haiingii ndani ya seli. Inafika mlangoni, inashikwa na sehemu ya nje ya kipokezi, na mshiko huo unabadilisha umbo la kipokezi chenyewe. Mabadiliko ya nje yanavuta mkia ulio ndani. Mkia unaamsha kimeng'enya kiitwacho JAK2, nacho kinabandika fosfeti kwenye protini nyingine, STAT3, ambayo inasafiri hadi kwenye kiini cha seli na kuamuru jeni fulani zisomwe kwa wingi zaidi na nyingine zipunguzwe. Ujumbe umeingia, mjumbe amebaki nje.

Mwaka 1996 watafiti waliichungulia jeni ya kipokezi hiki katika panya wa db. Walikuta herufi moja tu ya DNA imebadilika. Kwa sababu ya herufi hiyo, seli inakosea kuunganisha vipande vya maelekezo na kuingiza herufi 106 zisizohitajika, na kipokezi kinachotengenezwa kinatoka na mkia uliokatika. Bado kinashika leptini vizuri. Ila ndani hakuna kinachosogea. Kwa hiyo usemi wa kwamba db hasikii unahitaji kurekebishwa kidogo: ujumbe unapokelewa, ila haupiti kwenda mbele.

Seli zenye kipokezi kamili zimejaa sehemu moja ndogo chini ya ubongo, katika haipothalamasi, mahali ambapo ukuta unaoutenga ubongo na damu ni dhaifu kuliko kwingine. Wabunifu wazuri wangepachagua hapohapo. Kuna makundi mawili ya seli za neva yanayoishi bega kwa bega na kuvutana. Kundi la kwanza, linaloitwa POMC, huhimiza kuacha kula. Kundi la pili, AgRP, huhimiza kula, na nguvu yake si ya mchezo. Mwaka 2005 watafiti waliua seli za AgRP katika panya wazima, nao wakaacha kula hadi wakakaribia kufa. Mwaka 2011 wengine waliziwasha seli hizohizo kwa mwanga uliopitishwa kwenye uzi mwembamba hadi ubongoni, na panya walioshiba wakaanza kula kwa pupa ndani ya dakika chache. Leptini ikiwa nyingi, POMC hupata nguvu na AgRP hunyamazishwa. Leptini ikipungua, mambo hugeuka.

Makundi hayo mawili hupeleka ugomvi wao kwenye kipokezi kimoja, MC4R, katika sehemu nyingine ya haipothalamasi. Hiki kimejengwa tofauti na kile cha leptini: ni uzi wa asidi amino 332 unaopenya utando wa seli mara saba, ukitoka na kuingia. Protini ya POMC, iliyolipa kundi la kwanza jina lake, inakatwakatwa na kutoa homoni fupi inayokiwasha. AgRP inatoa protini inayokizima. Kikiwashwa, mtu anaona sahani imetosha. Kikizimwa, anaomba nyongeza.

Ndugu wa kipokezi hicho, MC1R, anakaa kwenye ngozi na nywele na anaamua rangi, na homoni inayomwasha ni ileile. Ndiyo maana wapo panya wa manjano ambao pia ni wanene: protini moja iliyotapakaa mahali isipostahili imezuia vipokezi vyote viwili, cha rangi na cha shibe. Mwaka 1998 madaktari nchini Ujerumani walieleza habari za watoto waliozaliwa bila POMC inayofanya kazi. Walikuwa wanene kupita kiasi tangu utotoni, na nywele zao zilikuwa nyekundu.

Hata mbwa wamo. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya mbwa wa aina ya Labrador wana jeni ya POMC iliyopungukiwa herufi 14. Mbwa hao ni wazito zaidi na hudoea chakula kuliko wenzao. Kati ya mbwa waliofunzwa kuwasaidia watu wenye ulemavu waliochunguzwa, asilimia 76 walikuwa nayo. Pengine haishangazi: mbwa anayetii kwa ajili ya kipande cha biskuti ni rahisi kumfundisha.

Kwa binadamu, ushahidi ulifika mwaka 1997, nao pia ulitoka Cambridge. Stephen O'Rahilly, Sadaf Farooqi na wenzao walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistan. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, kisha wakaanza kudai chakula muda wote, na kilio chao hakikuisha hadi wapewe. Leptini katika damu yao ilikuwa kidogo mno. Walikuwa ob wa kibinadamu.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na familia za watoto wa namna hii zinaijua maana yake. Mzazi wa mtoto wa kilo 86 haulizwi kama mtoto anaumwa. Anaulizwa kwa nini anamlisha hivyo. Watoto hao walipoanza kuchomwa sindano za leptini kila siku, tofauti ilionekana mezani kabla ya kuonekana kwenye mizani. Katika watoto watatu waliofuatiliwa, chakula walichokula kwenye mlo wa majaribio kilipungua kwa kati ya asilimia 45 na 84. Mmoja wao, aliyekuwa na kilo 42 akiwa na miaka 3, alikuwa na kilo 32 alipofika miaka 7. Malezi yalikuwa yaleyale, na wazazi walewale.

Na db wa kibinadamu? Nao wapo. Mwaka 1998 Karine Clément na wenzake wa Paris walieleza habari za dada watatu wa familia ya Kikabaili ambao kipokezi chao cha leptini kilikuwa kimekatika. Damu yao ilijaa leptini. Kuwachoma nyingine kungekuwa sawa na kumpigia kelele db wa Coleman: kazi bure. Dawa yao ilibidi ipite njia nyingine, iruke kipokezi kilichokatika na kwenda moja kwa moja kwenye kituo kinachofuata, yaani MC4R. Dawa hiyo, setmelanotaidi, iliidhinishwa Marekani Novemba 2020. Wengi wanaoitumia ngozi yao huwa nyeusi zaidi, kwa sababu inamgusa pia yule ndugu wa kwenye ngozi.

Ndoto ya dola milioni 20 iliishia pabaya. Watu waliozaliwa bila leptini ni wachache sana duniani. Mwaka 1996 ilionekana wazi kwamba watu wanene walio wengi wana leptini nyingi kuliko wembamba, jambo ambalo mtu angelitarajia, kwa kuwa wana mafuta mengi ya kuitengeneza. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999 yaliwapa leptini watu wanene wa kawaida, na kwa walio wengi uzito ulipungua kidogo tu. Vipokezi vyao havikuwa vimekatika, lakini havikuitikia tena kwa nguvu. Ndani ya seli kuna protini, SOCS3, ambayo huwashwa na leptini yenyewe na kisha huizuia njia ya leptini. Ujumbe ukirudiwa mno, seli hujiziba masikio.

Lakini kuna tafsiri nyingine, na huenda ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 1996 watafiti wa Boston waliwanyima panya chakula kwa siku mbili huku wakiwachoma leptini ili kiwango chake kisishuke. Mabadiliko mengi ambayo njaa huleta katika homoni za mwili, ya uzazi na ya tezi dundumio, yalipungua. Kumbe kazi kubwa ya leptini ni kutoa taarifa inaposhuka. Inapopanda juu ya kiwango fulani, ubongo hauna haja kubwa ya kusikiliza; inapoporomoka, mwili mzima hujipanga kwa ukame. Mtu anayejinyima ili apungue hukutana na mpangilio huo wiki baada ya wiki, na hakuna aliyemweleza.

Njaa nayo ina mjumbe wake, na huyu alipatikana kinyumenyume. Mwaka 1996 wanasayansi wa kampuni ya Merck waligundua kipokezi ambacho hakuna aliyejua kinamsubiri nani. Kilikaa yatima hadi mwaka 1999, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walipoipata homoni yake. Walitarajia kuikuta ubongoni; waliikuta tumboni. Grelini, kama walivyoiita, ina asidi amino 28, na ya tatu imebandikwa kipande cha mafuta ambacho bila hicho homoni hiyo haikiwashi kipokezi. Watu tisa waliotiwa grelini mshipani huko London, kisha wakaachwa wale watakavyo, walikula kwa wastani asilimia 28 zaidi.

Grelini hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake, lakini ajabu iko kwenye kipokezi. Vipokezi vingi hukaa kimya hadi vishikwe. Hiki cha grelini kinafanya kazi hata kikiwa peke yake, kwa takriban nusu ya uwezo wake wote, kama bomba linalochuruzika hata likifungwa. Kwa lugha nyingine, mwili haukuwekwa kwenye sifuri ukisubiri njaa ije. Umewekwa ukielekea njaa, na kuna kazi ya kufanya ili kuutuliza. Mwaka 2018 ilijulikana nani anaifanya: homoni LEAP2, inayotoka kwenye ini na utumbo mwembamba, hukishika kipokezi hichohicho na kukishusha. Mtu akila, hupanda. Akifunga, hushuka.

Si kila kitu kinasubiri chakula kifike tumboni. Mwaka 2015 kundi la Zachary Knight huko San Francisco lilipima seli za AgRP za panya wenye njaa wakati chakula kinapoletwa. Seli zilinyamaza ndani ya sekunde chache, kabla panya hajaonja. Harufu na sura ya chakula zilitosha. Anayepita nje ya jiko la biriani na kuhisi mwili wake wote umegeuka anajua kitu ambacho maabara ilihitaji vifaa vya gharama kukithibitisha.

Baada ya haya, swali la kwa nini sindano za sasa za kupunguza uzito zimefanikiwa pale leptini iliposhindwa lina jibu la upande wa kipokezi. Sindano hizo huiga GLP-1, homoni inayotolewa na seli za utumbo baada ya mtu kula. Kipokezi chake, kilichotambuliwa mwaka 1992 na Bernard Thorens huko Lausanne, kipo kwenye kongosho, ambako huhimiza insulini, na kipo pia katika shina la ubongo na haipothalamasi. Watu wanene hawajajaa GLP-1 kama walivyojaa leptini. Homoni hii hukatwa na kimeng'enya na kupoteza kazi ndani ya dakika mbili hivi. Kipokezi hakijazoea kupigiwa kelele mfululizo, na kinapopigiwa, kinaitika.

Tatizo likawa kuirefushia maisha, na msaada ulitoka kwa mjusi. Mwaka 1992 daktari John Eng wa hospitali ya maveterani huko Bronx alikuwa akichunguza sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila, akakuta humo homoni inayofanana na GLP-1 kwa takriban nusu, inayokishika kipokezi kilekile bila kukatwa haraka. Dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa mwaka 2005 kwa kisukari. Semaglutaidi ilifuata, ikiwa imebandikwa mnyororo wa mafuta unaojing'ang'aniza kwenye protini ya damu, hivyo nusu yake hubaki mwilini baada ya wiki nzima. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye watu 1,961, waliopata dawa walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68. Kichefuchefu kinachowapata wengi si bahati mbaya: sehemu mojawapo ya shina la ubongo yenye kipokezi hiki ndiyo inayoamua kutapika. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano walirudiwa na theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Sindano ilikuwa imeinua sauti ya kipokezi kimoja. Leptini iliyoshuka kwa kukonda ilikuwa bado inasubiri zamu yake.

Mbinu ya sasa ni kushika vipokezi viwili kwa mpigo. Tirzepataidi huwasha kipokezi cha GLP-1 pamoja na cha GIP, homoni nyingine ya utumbo, na katika jaribio la mwaka 2022 dozi kubwa ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 72. Amgen, ileile ya dola milioni 20, imerudi uwanjani na dawa ya kuchomwa mara moja kwa mwezi. Nayo huwasha kipokezi cha GLP-1, lakini cha GIP inakizuia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, uzito ulishuka hadi karibu asilimia 20 kwa mwaka. Dawa moja inawasha, nyingine inazima, na mizani inasoma karibu namba ileile. Maelezo mojawapo yanayopendwa na watafiti ni kwamba kipokezi cha GIP kikiwashwa bila kupumzishwa, seli hukivuta kutoka kwenye utando na kukiingiza ndani, na kikiwa ndani hakisikii lolote. Ikiwa ndivyo, kukiwasha kwa muda mrefu na kukizuia huishia mahali pamoja.